Alumini ya Sufuria, Alumini ya Pistoni

Nilikuwa seremala kwa miaka ishirini na sita, na ningekufa seremala kama kifua kisingenikataa. Kilianza kwa kikohozi cha asubuhi, kikaja cha mchana, mwisho nikawa siwezi kupiga randa ubao mmoja wa mkongo bila kukaa chini na kushika mbavu. Hospitalini walinipima mara mbili wakidhani ni kifua kikuu. Haikuwa hivyo. Daktari, mama mmoja mpole aliyekuwa akiongea huku anaandika, aliniambia kwamba ni vumbi la mbao. Dawa atanipa, akasema, lakini dawa yenyewe hasa ni kuliacha vumbi. Nikamuuliza niliache niende wapi. Akasema hilo yeye hakulisomea.

Mke wangu alilipokea jambo hilo vizuri kuliko mimi. Yeye hulima ufuta na njugu kule Marambo, kwenye shamba walilotuachia wazazi wangu, na alisema sasa tutalima wote wawili. Jembe sikulidharau. Nililiogopa, kwa sababu nilijua nitakuwa mkulima mbaya. Mimi nimezoea kukipima kitu, kukikata, kisha kukiona kikiingia mahali pake. Shambani ukishapanda, kazi inayobaki ni ya mvua, na mimi sina subira ya kumngoja mtu nisiyemwona.

Basi ikatokea kwamba fundi mmoja wa mgodini kule Ruangwa, niliyewahi kumtengenezea kitanda na kabati, alipata uhamisho. Chumbani kwake alikuwa na mashine ndogo ya kuchonga chuma, ya kuchezea tu, maana kazini kwake zilikuwapo kubwa. Aliitumia jioni kutengeneza vijiinjini vidogo kama kikombe cha chai, visivyofanya kazi yoyote ila kuzunguka na kumfurahisha. Hakutaka kusafiri nayo. Nikauza randa yangu ya umeme na msumeno wa mviringo kwa kijana wa mtaa wa pili, nikaichukua ile mashine, nikaileta Nachingwea na kuiweka pale pale palipokuwa na randa.

Ni mashine isiyofika kidevuni kwangu hata ikiwa juu ya meza. Ina kitanda cha chuma kinachosogea mbele na nyuma, kulia na kushoto, kwa magurudumu mawili ya mkono. Juu yake kuna kichwa chenye mota, kinachopanda na kushuka. Kwenye kichwa unafunga kisu, ambacho ni kijiti cha chuma kigumu chenye meno ubavuni na chini. Kile unachokichonga unakibana kwenye jiliwa juu ya kitanda. Kisu kinazunguka palepale kilipo, wewe ndiye unayekipelekea kazi. Kwangu hilo lilikuwa geni. Kwenye useremala mbao ndiyo inayokaa na mkono ndio unaokwenda.

Yule fundi mwenyewe alinifundisha mchana mmoja wa Jumapili, kisha akaondoka na familia yake.

Alumini ya kujifunzia niliinunua kwa mzee mmoja wa Ruangwa anayesubu sufuria. Anafanya kazi nyuma ya nyumba yake, yeye na mkewe. Wanayeyusha vyuma chakavu kwenye tanuri la mkaa na kumimina kwenye kalibu za mchanga. Nilimwambia nataka alumini, vipande vinane, kila kimoja ukubwa wa nusu tofali. Hakuniuliza mengi. Kiswahili chake ni kifupi, Kimwera ndicho anachokimaliza. Mkewe ndiye aliyetaja bei na siku ya kuja kuchukua.

Siku ya kwanza nilikata kama seremala. Mbao ikikukatalia unaongeza nguvu, basi nami nikaongeza nguvu. Alumini haikutoka kwa maranda kama nilivyotazamia. Iliganda kwenye meno ya kisu kama ugali kwenye mwiko, mpaka meno yakajaa, kisu kikabaki kijiti cha duara kinachosugua tu. Kikapiga kelele, kikapata moto, kisha kipande kizima kikachomoka kwenye jiliwa na kwenda kupiga ukuta. Kisu kilivunjika vipande viwili. Mke wangu alikuja kutoka uani, akaniangalia mikono, akahesabu vidole vyangu kwa macho, akarudi kwenye kazi zake.

Nilimpigia simu yule fundi kule alikohamia. Alicheka kwanza, halafu akanifundisha vizuri. Alisema alumini inataka mafuta ya taa, unapaka kwa brashi huku unakata. Inataka kisu chenye meno mawili, si manne, ili maranda yapate pa kutokea. Na inataka ukate kidogokidogo lakini usisite, kwa sababu jino likisita halikati tena, linasugua, na likisugua linapata moto, na moto ndio gundi. Aliniagizia visu viwili vya meno mawili, vikaja kwa basi vimefungwa kwenye kipande cha godoro.

Hali ikawa nafuu. Niliweza kukata urefu wa kidole kizima kabla meno hayajaziba. Yakiziba nasimamisha mashine, nakwangua kwa sindano ya kushonea magunia, naanza tena. Nilichokipata kilikuwa na sura ya udongo uliolimwa, mistari mibaya iliyopasukapasuka. Lakini kilikuwa kimekatwa, nami nikaanza kuwaambia watu kwamba nachonga chuma.

Hilo ndilo lililomleta yule mama wa Kiegei.

Alikuja juu ya bodaboda, mashine yake ya kupulizia salfa ikiwa imefungwa nyuma yake kwa mpira. Ni mashine ya kubeba mgongoni, ina injini ndogo inayopuliza unga wa salfa juu ya mikorosho. Kibao cha alumini kinachoishika injini kwenye fremu kilikuwa kimekatika katikati. Madukani hakukuwa na cha aina ile, na cha aina nyingine matundu yake hayakulingana. Alikuwa ameshajaribu kukifunga kwa waya, injini ikacheza mpaka ikamwunguza kiuno. Mikorosho ilikuwa inatoa maua. Kila mtu wa huku anajua maana yake. Maua yakitoka na salfa isipopita, ugonjwa wa ubwiriunga unayala, na msimu wako umekwisha kabla hujaona korosho hata moja.

Aliniuliza kama nitaweza. Nilikitazama kile kibao. Ni kitu cha bapa, ukubwa wa kiganja, chenye matundu manne na mfereji mmoja wa kupitisha boliti. Kwa mbao ningekitengeneza kabla chai haijapoa. Nikamwambia aje baada ya siku tatu.

Siku ya kwanza niliharibu kipande kimoja. Siku ya pili niliharibu kingine, na nilipokaribia kumaliza cha tatu umeme ukakatika kisu kikiwa ndani ya alumini. Uliporudi, kisu na kazi vilikuwa vimeshikana kama vimechomelewa, na kukitoa nilikivunja. Kikabaki kisu kimoja. Siku ya nne yule mama alipiga simu, nikamwambia kesho. Siku ya saba alikuja mwenyewe. Alikuta kipande chenye sura ya kitu kilichotafunwa, akakigeuza mkononi, akakirudisha mezani taratibu. Alisema ameazima mashine kwa jirani, lakini jirani naye ana mikorosho yake, na kwamba ataningojea siku chache tena kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Hakunitukana. Kama angenitukana pengine nisingefanya nilichokifanya mchana ule.

Nilikwenda kwenye duka la vipuri pale mjini kutafuta kisu kingine, ingawa nilijua hawana. Palikuwa na watu watano au sita wamekaa. Mmoja wao aliniuliza kwa utani kama ule uchongaji wangu umeshatoa hata kijiko. Niliona aibu, nayo ikanipeleka vibaya. Nikasema mashine yangu haina kasoro, kasoro ni ya alumini. Nikasema yule mzee wa Ruangwa anayeyusha takataka, na alumini yake haifai hata kwa sufuria.

Kati ya waliokaa pale alikuwapo mchuuzi anayenunua sufuria kwa mzee huyo na kuziuza kwenye magulio ya Naipingo na Marambo. Nilikuwa namfahamu, na nilikuwa nimemwona kabla sijafungua mdomo.

Baada ya siku mbili simu iliita. Ilikuwa namba ya yule mzee, lakini sauti ilikuwa ya mkewe. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya mke wangu na ya kifua changu. Kisha akasema, "Fundi, mchuuzi amerudisha sufuria kumi na mbili. Anasema wewe mwenye mashine umeipima alumini yetu ukaona ni takataka. Sisi tunauliza tu. Uliipimia nini?"

Sikuwa nimepima chochote. Nilisema nitampigia baadaye, naye akasema haya.

Nilimweleza mke wangu yote, na lile la duka la vipuri ambalo nilikuwa nimemficha. Alikuwa anachambua njugu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba neno kama hilo halirudishwi kwa simu, niende mwenyewe. Nilisema kazi ya mama wa Kiegei bado ipo mezani inaningoja. Akasema, "Na hiyo pia itakungoja vizuri ukiwa umetoka huko."

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la Ruangwa nikiwa na kile kipande kilichotafunwa, nimekifunga kwenye gazeti.

Nilimkuta mzee uani, anachekecha mchanga. Mkewe alikuwa anaushindilia kwenye fremu ya mbao, akiuzungusha kwenye sufuria ya mfano ili iache umbo lake. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nilisema nilichokuja kusema nikiwa nimesimama: kwamba nilishindwa kazi yangu, nikaona aibu mbele ya watu, nikamtupia yeye lawama, na kwamba sikuwa nimepima kitu. Mkewe aliacha kushindilia. Mzee aliendelea kuchekecha mpaka chekeche ikabaki na vijiwe tu, akavimwaga pembeni, akapangusa mikono.

"Umekuja nayo?" akauliza.

Nilimpa kile kipande. Alikitoa kwenye gazeti, akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari, akaenda nacho juani, akarudi.

"Hii haikukatwa," alisema. "Hii imechanika. Wewe ulikuja hapa ukasema unataka alumini. Hukusema ya kazi gani."

Nilikiri kwamba sikusema. Aliingia bandani akatoka na vitu viwili: kipande cha sufuria chakavu na pistoni ya pikipiki. Akaviweka juu ya reli anayofulia vyuma, akachukua nyundo. Alikipiga kile cha sufuria, kikapinda. Akakipiga tena, kikapinda zaidi, hakikukatika. Kisha akaipiga pistoni pigo moja la nguvu. Ikavunjika, na mahali ilipovunjikia palikuwa na chembe za kijivu kama sukari. Mkewe ndiye aliyenieleza, kwa sababu mzee alishaanza kuokota vipande. Alisema sufuria inataka alumini laini, ambayo ikianguka inabonyea lakini haipasuki. Pistoni ni ngumu. Wakiimimina nyembamba kama sufuria inapasuka siku mfuniko ukianguka juu yake. Kwa hiyo za pistoni wanazitenga, wanawauzia wanaopeleka Dar. Vile vipande vyangu vinane walivisubu kwa sufuria tupu, tena waliichagua iliyo safi, wakidhani wananifanyia wema.

Kwenye mbao ningelijua hilo bila kuambiwa. Mti laini wenye nyuzi huchanika mbele ya jino, mti mgumu hukatika. Nilikuwa nimeufanyia kazi ukweli huo miaka ishirini na sita, na sikuwahi kufikiri kwamba chuma nacho kina aina zake. Kwangu alumini ilikuwa alumini.

Tulisubu siku ileile. Waliziondoa pistoni ringi na pini zake za chuma, wakazipanga tanurini. Moshi ulipoanza nilikohoa, na mke wa mzee, bila kuuliza, aliuinua mkono wangu kwa kiwiko akanihamisha upande upepo unakotoka, akanirudishia kigoda changu huko. Mzee alimimina vipande vinne. Nilitaka kuvibeba jioni ile, akakataa, akasema vipoe taratibu vyenyewe. Halafu akasema ataniletea kwa mkono wake. Mkewe alimtazama. Baadaye alipokuwa ananisindikiza aliniambia kwamba mzee hajatoka Ruangwa tangu msiba wa dada yake, na hajui ni kitu gani kinampeleka.

Alikuja Jumamosi, amevaa kanzu na kofia, na vipande vinne kwenye mfuko wa saruji. Mke wangu alimpa chai, akainywa haraka akitazama mlango wa karakana. Nilibana kipande cha kwanza, nikafunga kisu changu cha mwisho, nikapaka mafuta ya taa. Safari hii kama nikishindwa nitashindwa mbele yake.

Sauti ilikuwa tofauti tangu jino lilipogusa. Ile ya kwanza ilikuwa inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Hii ilikuwa inanguruma sawasawa, kavu, na maranda yakawa yanaruka madogomadogo kama chenga za mchele na kulala juu ya kitanda. Nilizungusha gurudumu mpaka mwisho wa kipande bila kusimama. Nilipofuta mafuta kwa kitambaa, uso wa alumini ulikuwa bapa na unang'aa, na dirisha la karakana lilionekana ndani yake, limefifia.

Mzee aliinuka. Aliuliza kama pana moto, nikasema kidogo, akauweka mkono wake wote juu yake.

"Nasubu tangu sijaoa," alisema. "Sijawahi kuiona ndani."

Niliporudia kukata kwa kina zaidi, yakatokea matundu. Yalikuwa madogo sana, kama yaliyodungwa kwa sindano, mengi upande mmoja na machache upande mwingine. Yeye ndiye aliyeyaona kwanza, na nilimwona akibadilika uso. Aliniuliza kama kwenye sufuria zake nako yamo. Nilitamani kusema hapana. Nilimwambia nadhani yamo, lakini sufuria haishiki injini, haidhuriki nayo. Akauliza kama kibao cha mama wa Kiegei, ambacho nilikuwa nimemweleza habari zake, kitakatika kwa ajili ya matundu haya. Nikasema kinaweza. Alikitoa kile kipande kwenye jiliwa, akakifunga kwenye leso yake, akasema visikatwe vile vitatu vingine, akaondoka na gari la mchana.

Mkewe alinisimulia baadaye kwamba siku ile mzee alifika nyumbani hakula. Alikaa na kile kipande na taa ya simu, akihesabu matundu upande wa juu na upande wa chini. Asubuhi alisema tatizo ni maji. Mchanga wanaulowesha mno, na pistoni zinaingia tanurini na mafuta yake na unyevu wake, na vyote hivyo vinageuka mvuke unaokwama ndani ya alumini. Walizianika pistoni juani, wakazipasha kando ya tanuri kabla ya kuzitia, wakapunguza maji ya mchanga, na alipoyeyusha hakukoroga kama alivyozoea. Aliacha itulie, akaondoa takataka za juu, akamimina polepole. Siku tatu baada ya yeye kutoka Nachingwea alinitumia kipande kimoja tu kwa dereva wa gari. Nilipokikata kilikuwa na matundu machache pembeni, na katikati, mahali pa kutoka kibao, palikuwa safi.

Kazi yenyewe ilinichukua kutwa nzima. Niliviunganisha vipande vya kibao kilichovunjika juu ya karatasi ngumu, nikachora mzunguko wake na matundu yake kama ninavyochora mguu wa kiti. Nilisawazisha uso mmoja, nikakigeuza nikasawazisha wa pili. Nikakata kingo nne nikizipima kwa skwea. Mfereji nilioogopa zaidi niliuchonga kwa kushuka kidogokidogo, kila mara nikipuliza maranda yasirudi chini ya kisu. Matundu matatu yalikaa penyewe. La nne lilikosea kwa upana wa unywele, nikalipanua kwa tupa, maana tupa naijua.

Nilikipeleka Kiegei mwenyewe. Mama alikuwa shambani. Tulikifunga pamoja pale chini ya mkorosho, akaibeba mashine mgongoni, akavuta kamba mara mbili, injini ikawaka. Nilisogea mbali kwa sababu ya salfa. Alipuliza miti mitatu, akazima, akakikagua kibao kwa mkono na kuvuta boliti zake moja moja. Kisha akanichukua mpaka sehemu ya bondeni akanionyesha miti kumi na moja ambayo maua yake yalikuwa yameshageuka meusi. Alikuwa amepuliza ya juu kwanza kwa mashine ya kuazima, ya chini haikuwahi.

Niliomba radhi. Nilikuwa nimezoea kuomba radhi wiki ile, lakini haikuwa rahisi zaidi.

"Nimekusikia, fundi," alisema. "Siku nyingine usiniambie siku tatu. Niambie hujui. Ningetafuta mashine ya pili mapema."

Niliporudi mjini nilipitia duka la vipuri. Ilinibidi nirudi mara mbili kabla sijamkuta yule mchuuzi. Nilisema mbele ya waliokuwapo kwamba niliyoyasema juu ya mzee wa Ruangwa yalikuwa uongo wa mtu aliyeshindwa kazi, na kwamba alumini yake ya sufuria ni ile inayotakiwa kwa sufuria. Mwenye duka aliona aibu kwa niaba yangu, akaanza kupanga boksi za plagi. Mchuuzi alisema sawa, amesikia. Alirudi kuchukua sufuria kwa mzee, lakini kwanza alichukua sita, si kumi na mbili. Mke wangu alinieleza kwamba hata miezi miwili baadaye, kwenye gulio la Marambo, alimsikia mwanamke mmoja akimuuliza mchuuzi kama hizi siyo zile za takataka. Mke wangu alimjibu yeye mwenyewe, na akanunua moja mbele yake, ingawa nyumbani tunazo.

Kile kibao kilimaliza msimu. Walikuja wengine wenye vibao vilivyovunjika, kisha akaja mwenye cherehani, kisha mwenye mashine ya kukoboa. Sasa mtu akiniuliza siku ngapi namwambia kwanza nikate kidogo nione. Kuna wanaochukia jibu hilo na kwenda kwingine. Kifua hakijapona, lakini maranda ya alumini ni mazito, yanaanguka chini, hayapandi puani. Vipande vya kuchonga natoa kwa mzee kila mwezi, na mkewe ameanza kuvitia alama kwa msumari, mstari mmoja vya sufuria, mistari miwili vya pistoni, nisije nikajidai sikuelewa.

Mzee mwenyewe anakuja akipata nafasi. Husema ameleta mzigo, lakini mzigo huo dereva angeuleta. Anakaa kwenye kigoda, anatazama. Mwezi uliopita aliniuliza kama anaweza kuzungusha yeye gurudumu. Nilimfungia kipande chake, nikampakia mafuta ya taa, nikamwonyesha mkono unavyokwenda. Alianza vizuri sana, taratibu, midomo imebana. Chenga zikaruka. Akafurahi, na kwa kufurahi akaongeza nguvu, kama nilivyofanya mimi siku ile ya kwanza. Kabla sijafikia swichi, kisu kilikatika kwa mlio mkali, nusu yake ikabaki ndani ya alumini.

Kilikuwa kisu changu kizuri kuliko vyote, na kupata kingine ni kuagiza Dar na kungoja wiki mbili. Mzee alirudi nyuma, mikono ameishika kifuani, akanitazama usoni. Nilitafuta hasira sikuiona. Nilimwambia mimi nilivunja viwili. Akauliza kama ni kweli. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na birika, akasema ni kweli, yeye alivihesabu. Mzee akakaa, akapokea kikombe, na tulikunywa chai tukijadili namna ya kukitoa kile kipande kilichobaki ndani bila kuharibu alumini yake.